Kidole Tumbo Kilichoajiriwa

Alikatwa kidole tumbo wiki ya tatu tangu aajiriwe maabara. Wengine wakikatwa wanapumzika. Yeye alisaini karatasi ili chake kibaki kazini, na kwa miaka kumi na tisa hakijaomba likizo hata siku moja.

Kazi ya mama huyu ni kutafuta rangi ya kahawia. Kuna uvimbe unaotokana na seli za kutoa homoni, na seli hizo zina protini iitwayo kromogranini. Dawa ikiikuta protini hiyo kwenye kipande cha nyama, kipande kinageuka kahawia. Kidole tumbo chenye afya kina seli chache za aina hiyo, kwa hiyo kila kioo cha darubini huwekewa pembeni kipande cha kidole tumbo chake. Chake kisipogeuka, dawa ndiyo mbovu. Tunamwita Mama Kahawia. Mimi ni karani tu, naandika majibu.

Mwezi uliopita kikaja kinyama cha utumbo wa shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea. Kikiwa kahawia, ni uvimbe wa taratibu, unakatwa na mtu anaishi. La sivyo, ni ule mwingine, na ule hauna subira.

Daktari akachungulia darubini mara moja. "Hakuna kahawia. Karani, andika ule mwingine. Pole sana, dada."

"Weka kalamu chini," Mama Kahawia akaniambia. "Daktari, umekiangalia changu?"

Hakuwa amekiangalia. Nacho kilikuwa bluu tupu.

"Kidole changu nakijua mimi. Dawa ya chupa hiyo imekufa."

Tatizo, kwenye nta inayohifadhi kidole chake kilibaki kipande cha kukata mara moja tu. Akainamia kisu cha kukatia. Nikamuuliza nimshikie nini. Akasema nishike mdomo wangu.

Akafungua chupa mpya. Saa tatu baadaye vipande vyote viwili vilikuwa kahawia, chake na cha shangazi. Akakaa sakafuni akalia kwa sauti, mpaka mlinzi akaja kuuliza nani amefariki. Nami nililia, sioni aibu.

Jioni tukaenda wodini.

"Wanakata kipande cha utumbo, shangazi. Na kidole tumbo chako kinatoka humo humo."

"Na kile chako cha kazini?"

"Kimeisha. Cha mwisho nimekutumia wewe."

Shangazi akamshika mkono. Kisha akanigeukia mimi.

"Karani, lete hiyo karatasi nisaini. Ila uwaambie, changu Jumapili hakifanyi kazi."