Mgeni Aliyeketi Nje ya Geti

Sogea karibu, wewe unayefikiria kufungua mahali pa watoto kucheza, nikueleze jambo ambalo mimi na dada yangu tulifunzwa na nyanya mmoja wa Shinyalu.

Dada yangu alikuwa amefungua bustani ya michezo nje kidogo ya mji wa Kakamega: bembea, mitelezo, na treni ndogo iliyozunguka miti. Mimi nilikata tiketi. Likizo yetu ya kwanza, Desemba, tulifurika watu, hata wa kutoka Malava na Bukura. Aprili, treni ilizunguka na viti vitupu. Dada akaipaka rangi mpya. Wakaja wageni wengine, nao wakaja mara moja tu.

"Agosti ikiwa hivi nafunga," akasema. "Nitarudi kulima miwa ya baba."

Unaona, anayekuja mara ya kwanza huvutwa na kitu ambacho hajawahi kukiona. Treni ilitosha kumleta. Anayerudi ameshaipanda, huyo anataka kitu kingine. Ni kipi? Hatukujua.

Jumamosi moja ya Agosti, nyanya huyo alifika na wajukuu wake, kapu mkononi. Mlinzi akamzuia, akimwita bibi kwa lugha yetu.

"Kukhu, chakula cha nje hakiingii. Ndani kuna chipsi."

"Chipsi nitakula na meno gani? Niazime yako."

Foleni nzima ikacheka, mlinzi pia, lakini sheria ya dada ilikuwa sheria. Nyanya akawaingiza wajukuu, yeye akaketi nje juu ya jiwe, kapu mapajani.

Kwetu, mgeni akiondoka kwako bila kula, majirani watakusema mwaka mzima. Na huyu alikuja na chakula chake mwenyewe, tukamnyima pa kukilia! Nilimwita dada. Akaja mbio, akainama kumsalimu.

"Kukhu, tusamehe. Karibu ndani."

"Niingie nikae wapi? Kwa treni?"

Dada akageuka, akatazama bustani yake. Hapakuwa na benchi hata moja. Tulitoa viti vya ofisini, tukaviweka kivulini, vikiangalia mitelezo. Nyanya akafungua kapu: ingokho, yaani kuku, wa kuchemsha, na obusuma, ugali wetu, ndani ya jani la ndizi.

"Mbona mmesimama kama askari? Naweni mikono."

Tukala naye. Wajukuu walikuja mbio, wakamega, wakarudi kuteleza, wakaja tena. Familia nyingine zilipanda treni na kuondoka. Hawa walikaa hadi tulipofunga.

Dada aliifuta ile sheria. Fundi akatujengea mabenchi chini ya paa la nyasi, na bomba la kunawia. Krismasi nyanya alirudi na akina mama wa kanisa lake. Wakapita treni bila kuitazama, wakaenda moja kwa moja kwenye mabenchi, na mmoja akamfukuza kwa utani mgeni aliyekuwa ameketi pale: "Wee, hapo ni petu!"

Miwa ya baba bado inalimwa na kaka yetu. Bustani iko wazi, na kila ninaposikia harufu ya kuku pale, namshukuru nyanya yule.

Basi itangaze treni kwa wasiokujua. Lakini kabla hujanunua mashine nyingine, zunguka uwanja wako ukitafuta mahali ambapo mtu mzima anaweza kuketi, kunawa na kula huku akiwaona watoto. Ukipakosa, weka benchi kwanza.