Talaka Niliyoitundika Mlangoni

Nimekosa, na kosa langu halina jeraha la kuonesha. Sikumpiga mke wangu hata kofi. Kwa hilo nilijiona mume mwema.

Tulikuwa vijana, tunakaa Ole. Siku moja nilirudi kutoka shamba nikamkosa, kumbe kaenda kwa jirani. Aliporudi nikamwambia, "Kuanzia leo, ukivuka mlango huu bila ruhusa yangu, umeachika." Kwetu neno hilo halichezewi. Mume akishalitamka, mke akitoka tu, talaka imepita. Nikaona raha, nimemfunga bila kamba.

Msimu wa karafuu nilikuwa kambini, tukichuma. Mke wangu akanitumia mtu: mama yake, kule kisiwani Kojani, yuko taabani; anaomba ruhusa avuke akamwone. Nikamjibu yule mjumbe, "Mwambie asubiri nirudi." Kiburi gani kile! Niliporudi, mama keshazikwa. Mke wangu nilimkuta amekaa ukumbini na buibui lake, tayari kwa safari ambayo haikuwapo tena.

Nikampa ruhusa ya daima. Mpaka leo akifika mlangoni husimama, akanitazama kwanza.

Sasa binti yetu wa mwisho, aliyeolewa Wambaa, kawekewa na mumewe sharti lilelile, na matusi juu yake. Kaenda polisi. Askari wa kike kamwambia kumtesa mtu moyo nako ni kosa la jinai, ila anatakiwa shahidi. Shahidi ni mimi. Nilikuwapo mkwe wangu akimtishia.

Mkwe akaja na wazee wawili.

"Mzee, mwambie aifute kesi. Haya mambo ya ndani."

"Umemtesa mwanangu."

"Nimemgusa? Mbona wewe ulimwekea Mama hilohilo? Au kwako ni dini, kwangu ni jinai?"

Wale wazee wakacheka. Tangu siku ile situlii. Nakaa hapa, nainuka, nakwenda kule, narudi.

Jana nilimwambia mke wangu nitakwenda kutoa ushahidi.

"Utasema ya mkweo tu?" akauliza.

Nikainuka niondoke, akaniwahi.

"Wakikuuliza kajifunza kwa nani?"

"Nitasema kwangu, Bi Time."

"Haya. Nami nitakuja nikusikilize."

Nyinyi mlio na wake, msijisifu kwamba hamjainua mkono. Waulizeni wanaogopa nini humo ndani, kisha mkae kitako msikilize mpaka wamalize.