Karatasi ya Mlangoni pa Friji

Saa nne na nusu usiku Restituta Nchama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha bintiye, viatu miguuni, mkoba mapajani, akisubiri kuambiwa kama ataendelea kulala humo au kesho atatolewa nje. Upande wa pili wa ukuta, sebuleni, watoto watatu walikuwa wanamjadili. Watoto! Yeye, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, aliyezaa sita na kuzika mume, anapigiwa kura na watu wasiojua hata kupika wali.

Mmoja wa hao watatu alikuwa Milagrosa, binti yake wa kumzaa. Wengine wawili walikuwa wenzake wa kupanga: Begoña, msichana anayesomea sheria, mwenye nywele kama za mtu aliyetoka kuamka, na Iker, kijana mrefu aliyekula akiwa amesimama kama farasi.

Restituta alikuwa amesafiri kutoka Bata, Guinea ya Ikweta, hadi mji huu wa Alcalá, Hispania, kwa shughuli moja tu: kumwona Milagrosa akivishwa utepe wa kuhitimu uuguzi. Shughuli hiyo ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku tisa mbele. Lakini mlangoni pa friji palibandikwa karatasi, na karatasi ilisema mgeni halali katika nyumba hii zaidi ya siku nne. Leo zilikuwa zimetimia.

Kama wangemtoa, pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, kwa Crisanta, mke wa binamu yake, kule mji wa Fuenlabrada. Kitanda cha Crisanta hakikuwa na neno. Neno lilikuwa kwenye simu ya Crisanta. Kabla misa ya asubuhi haijaanza, Bata nzima ingekuwa imesikia kwamba Restituta, aliyejitapa miaka minne kuhusu binti yake wa Ulaya, amefukuzwa nyumbani kwa binti huyohuyo. Na kule kwao ungemweleza nani habari za karatasi? Mtu mzima aseme, friji ndiyo iliyonifukuza?

Alisogeza sikio ukutani. Aliisikia sauti ya Begoña, kisha ya Iker, kisha kijiko kikigonga kikombe. Ya Milagrosa hakuisikia hata mara moja.

Alisonya. Nyumba gani hii? Siku ya kwanza alipofungua friji alidhani amefungua kabati za wafungwa. Kila rafu ilikuwa na jina. Maziwa ya Begoña, maziwa ya Iker, maziwa ya Milagrosa, paketi tatu zimefunguliwa zote, zote zinaelekea kuchacha. Chupa tatu za mafuta. Sabuni tatu za vyombo. Ikifika saa nne za usiku, wakati watu wenye akili wameshaoga na kulala, ndipo hawa huanza kupika, mmoja akimsubiri mwenzake amalize jiko, kisha kila mmoja anabeba sahani yake chumbani na kufunga mlango, kana kwamba ameiba. Juu ya kabati lilikuwepo paja zima la nguruwe, kavu, limefungwa kwenye ubao kama mgonjwa aliyevunjika mguu. Lilikuwa la Begoña. Alikata vipande vyembamba hata ungeweza kusoma gazeti kupitia kwavyo, na hakumkaribisha mtu.

Restituta aliona ni wajibu wake kuwafundisha. Siku ya pili alipika sufuria kubwa ya samaki wa moshi kwa mchuzi wa karanga, pamoja na magimbi, akapanga sahani nne mezani saa saba mchana. Iker alipoingia, jambo la kwanza alilofanya ni kufungua madirisha yote. La pili ni kuinua chupa yake ya mafuta na kuitazama kwenye mwanga.

"Mama," alisema kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi, "umetumia mafuta yangu?"

"Nimetumia mafuta. Kwani yana ukoo?"

"Hapana, ila yana jina langu hapa chini."

"Nimeliona. Limeandikwa vizuri. Sasa kaa ule."

"Mimi huwa nakula saa tisa."

"Tumbo lako nalo lina saa ya ukutani? Kaa, mwanangu, umekonda kama mti wa bendera. Mama yako akikuona atalia."

Kijana alikaa. Alikula sahani mbili, jasho likimtoka puani, na mwisho akauliza kama kuna kilichobaki. Restituta alimwangalia kwa dharau tupu. Kumbe njaa wanayo, ila wanaifunga kabatini pamoja na vitu vingine.

Sasa mtu huyohuyo, mwenye karanga zake tumboni, alikuwa amekaa kumhukumu.

Mlango wa chumba ulifunguliwa. Milagrosa aliingia, akaufunga nyuma yake, akabaki ameegemea mlango.

"Haya, hakimu," Restituta akasema. "Nifunge sanduku?"

"Utakaa mpaka sherehe, mama."

Kifua cha Restituta kilishuka, lakini uso wake hakuuruhusu ushuke. "Wamenionea huruma! Nani alikataa? Yule wa paja la nguruwe?"

"Begoña alikubali. Iker naye alikubali, tena kabla hajaulizwa. Anasema upike tena Jumapili."

"Na wewe?"

Milagrosa aliangalia sakafu. "Mimi nilinyamaza."

"Ulinyamaza. Wazungu wananitetea, niliyekuzaa unanyamaza! Miaka minne tu hapa, wameshakufundisha. Na huyo Begoña wako aliyeandika ile karatasi, mwambie kwetu mgeni hahesabiwi siku kama mfungwa..."

"Mama, karatasi niliiandika mimi."

Restituta alidhani hakusikia.

"Ni mwandiko wangu. Uangalie vizuri. Nilitafuta maneno mimi, nikabandika mimi, wao wakakubali tu. Unajua kwa nini? Nikuhesabie? Diosdado, mtoto wa jirani yetu, alikuja kwa wiki moja akakaa miezi minne kwenye kochi. Tarsila alikuja na mapacha. Yule mzee aliyekuja kupasuliwa ngiri, hata jina lake sikulijua, nilimwosha mimi. Wawili wa kwaya ya kanisa. Wote walifika pale chini na masanduku, na wote walisema neno moja: mama yako ametuambia tuje, hapa ni nyumbani."

"Nilitaka usiwe mpweke."

"Nilirudia mitihani mitatu mwaka wa pili, mama. Nilikuwa nasomea bafuni, kwenye ukingo wa beseni la kuogea, kwa sababu ndiko kulikokuwa na mlango wa kufunga."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia! Ukasema ni siku mbili tu, wanapita. Ningewafukuzaje watu wa kwetu? Wangesema Mila amekuwa Mzungu. Kwa hiyo nikaandika karatasi. Wakija, nawaonyesha. Nawaambia, mimi ningewapokea, ila hii nyumba ndivyo ilivyo, hawa Wazungu hawana utu. Wanakubali. Wanawatukana Begoña na Iker, wanakwenda zao."

Restituta alivua kiatu kimoja, akakishika mkononi. Huko Bata alikuwa akilitoa jina la mtaa huu kama mtu anavyogawa pipi. Kule sokoni, mtu akisema tu ameshapata visa, yeye hudakia: Ulale hotelini kwa nini? Nenda kwa binti yangu. Na watu humtazama, na yeye huona amerefuka.

"Sasa nisikilize," Milagrosa alisema, amechoka. "Mwenye nyumba naye alishakasirika tangu enzi za mapacha. Alisema akimwona mtu mwingine na godoro sebuleni, mimi natoka siku hiyohiyo. Mtihani wangu wa mwisho ni Jumatano. Nikitolewa kabla ya hapo, mama, nimekwisha. Wewe wamekuombea ruhusa leo hii, mwenye nyumba amekubali kwa sababu ni mama. Asije mwingine. Hata mmoja."

Restituta alikiinamia kiatu chake ili asimtazame machoni.

Kwa sababu mwingine alikuwa anakuja. Eufrasia, wifi wa Leocadia, muuza vitambaa wa kule sokoni, alikuwa amepata visa wiki ileile aliyosafiri Restituta, na Restituta mwenyewe, kwa mkono wake, alimwandikia anwani nyuma ya risiti na kumsisitiza asihangaike kutafuta pengine. Angefika Jumanne.

Hakumwambia binti yake. Alimwambia tu, "Nimesikia," kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Siku zilizofuata alipiga simu Bata kama mwenye mgonjwa. Simu ya Eufrasia ilikuwa imezimwa. Ya Leocadia ilipokelewa na mtu aliyesema Eufrasia ameshaondoka, amepitia Malabo kuagana na ndugu, na mizigo ni mingi, kwa hiyo Mila ajiandae. Restituta alipika, akamenya magimbi, akasugua sufuria ambazo zilikuwa safi. Milagrosa alipomuuliza ana nini, alisema ni baridi ya nyumba hii, nyumba isiyo na watu. Usiku alimsikia bintiye akirudia majina ya mishipa na dawa kwa sauti ya chini, mezani, taa ikiwa imefunikwa kitambaa ili mama alale. Hakulala.

Jumanne saa sita mchana Milagrosa alikuwa maktaba, Begoña darasani, Iker kazini kwenye mgahawa. Kengele ya mlango wa chini ikalia.

Restituta alikwenda kwenye kisimu cha ukutani cha kuongea na mtu aliye mlango wa chini. Kando yake palikuwa na kitufe cha kufungulia mlango, kimechakaa katikati kwa kubonyezwa. Alikiinua kisimu.

"Mila! Mwanangu!" Sauti ilikuwa Kifang safi, lugha ya kwao, iliyojaa vumbi la safari. "Fungua, ni mama yako mdogo Eufrasia! Nimekuletea samaki, nimekuletea na ule unga! Njoo unishikie, masanduku yamenivunja mgongo!"

Kidole cha Restituta kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kilikuwa kimekwenda chenyewe, kwa mazoea ya maisha yote. Alikitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine, akakiondoa.

Kisha akasema kwa Kihispania, kupitia puani, kwa sauti kavu ya wanawake wa mji ule ambao siku nane mfululizo alikuwa akiwacheka:

"Nani?"

Eufrasia alipojibu, Kifang chake kilikuwa kimekwisha na sauti yake imekuwa ndogo. "Samahani sana, bibi. Namtafuta Milagrosa Ayang. Mwanafunzi. Mweusi."

"Hapa hakuna mtu huyo. Umekosea nyumba."

"Lakini anwani ni hii, bibi, nimeandikiwa. Mama yake ndiye aliyeniandikia. Labda yupo? Mama mnene hivi, anaongea sana?"

"Simjui."

"Samahani kwa usumbufu, bibi," Eufrasia alisema, kwa adabu ile ambayo kule kwao humpi mtu wa nyumbani, unampa Mzungu tu. Kisha, akidhani kisimu kimeshawekwa chini, akajisemea kwa Kifang: "Watu gani hawa! Hata maji hawakupi."

Restituta alikirudisha kisimu mahali pake polepole. Alikwenda dirishani sebuleni, akateremsha pazia la mbao mpaka ikabaki nafasi ya kidole. Ghorofa nne chini, mwanamke mwenye kitambaa cha njano alikuwa ameketi juu ya sanduku, katikati ya njia, risiti mkononi, akihesabu madirisha kwa kidole. Watu walimpita kwa kumzunguka. Mbwa aliyevaa fulana alilinusa sanduku, na mwenye mbwa akamvuta bila kusema neno.

Eufrasia alirudi kubonyeza kengele, mara moja, kwa muda mrefu. Kisha mara ya pili.

Ndipo simu ya Restituta ikaanza kulia mfukoni. Jina la Eufrasia liliwaka kwenye kioo. Restituta aliitoa, akaibana tumboni kwa mikono yote miwili, chini ya kanga, ili isisikike huko chini, na akasimama hivyo nyuma ya pazia, akiiacha ilie, akihesabu milio. Mlango haukufunguliwa.