Mkono Kwenye Picha ya Cherehani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ikinijia hata nikiwa kati ya watu wanaocheka, mwili hunisisimka. Nilikuwa na nguvu za ujana bado, nikishona sare za shule hapa Mogogosiek, kwenye mashamba ya chai. Shule zilikaribia kufunguliwa, nguo za watu zimenijaa mezani, na cherehani ikafa. Fundi aliifungua, akaitazama, akasema, "Hii haifufuki."

Basi nikaingia kwenye simu, kwenye tovuti ile inayolinganisha bei za maduka mengi. Ni kitu kizuri, sikukatazi. Lakini wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hiyo kibaya kilitembea mpaka kwangu.

Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa nusu ya bei ya zingine. Nikafungua picha. Ilikuwa cherehani ya mama yangu.

Sisemi ilifanana nayo. Ilikuwa yenyewe. Nyuma yake lilikuwa pazia letu la buluu, na pembeni mkono wa mama ukilivuta ili mwanga uingie, kucha zimeingia weusi wa majani ya chai. Picha hiyo niliipiga mimi mwenyewe. Mama alikuwa mgonjwa, tukaitangaza cherehani mtandaoni tupate pesa ya dawa, akainunua mwanamke wa Kapkatet. Sasa mama alikuwa kaburini mwaka wa tatu, mbali kule kwetu upande wa ziwa.

Ilikuwa saa sita mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka, hata mstari wa kwanza wa chai huuoni. Nikahisi mama ananirudishia kitu chake. Usinicheke. Msiba una akili yake. Nilikuwa nimeshaandika namba ya kutuma pesa.

Ndipo akaingia jirani yangu, bibi Mkipsigis tuliyemwita Kogo, maana yake nyanya, kuchukua gauni lake. Nikamwonyesha. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Hii mashine umeiona wewe mwenyewe?"

"Nimeona picha, Kogo."

"Picha haishoni nguo. Piga simu, uliza hiyo mkono ni ya nani."

Nikapiga. Akapokea mwanamume wa sauti ya upole sana.

"Ipo, mama. Naiangalia hapa mbele yangu. Tuma pesa, kesho unaipata."

"Na huo mkono kwenye picha?"

"Ni wa mke wangu. Amesimama hapa kando yangu. Hata sasa ameshika pazia."

Simu ilinitoka mkononi. Kogo aliiokota, akaizima, akaketi nami. Kisha akaniambia, bila ukali, "Huyo mtu hakukutafuta wewe. Aliweka tu mtego njiani. Wewe ndiye ulikuwa unakimbia."

Kesho yake nilikwenda Kapkatet. Cherehani ya mama ilikuwa pale pale kwa yule mwanamke, akiitumia kushona mapazia, chuma chake kina joto la kazi. Hakuwahi kuiuza. Basi nikaelewa: mwizi aliokota picha yetu ya zamani, akaiwekea bei ya kuvuta macho. Nilielewa, mwanangu, lakini baridi haikuniondoka. Niliwaandikia wenye tovuti, tangazo likaondolewa. Baada ya wiki mbili nikaliona tena, jina lingine, bei imeshuka zaidi, na mama bado amelishika pazia.

Cherehani nilinunua Kericho mjini, duka la nne kwenye orodha ile ile. Niliwapigia kwanza, nikaenda, nikashona kipande cha kitambaa mbele yao, ndipo nikalipa.

Kwa hiyo nisikie. Tovuti ya bei ikuambie bei ya soko, isikuchagulie duka. Bei iliyojitenga mbali na zingine, iogope kwanza, uiulize baadaye. Hakikisha ni aina ile ile unayolinganisha, na ongeza gharama ya kuileta mpaka nyumbani, maana rahisi huwa ghali. Tafuta duka lenye mlango unaoweza kuugonga, na ukiweza, lipa mkono wako ukiwa juu ya kitu. Na siku moyo wako una kidonda, usinunue peke yako. Mwite mtu asiye na kidonda hicho aangalie nawe.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kuuliza, mwanangu, na kila utakachokinunua kwa jasho lako kikakae nyumbani kwako kwa amani.