Kikaragosi Kilichomuua Mzee Evaristo

Kama uliwahi kufiwa Ifakara miaka hii ishirini na hukumwona Sikitu msibani kwako, basi ama marehemu wako hakuwa na watani, ama mlimzika kwa haraka mno. Wengine huja na mchele, wengine na kuni. Sikitu huja na mdomo. Vilio vikipamba moto yeye huingia chumbani, akatoka amevaa shati la marehemu na kofia ya marehemu, anatembea kama alivyotembea marehemu, na kuanza kuwafokea wafiwa kwa sauti ileile iliyonyamaza juzi. Waliokuwa wakigaragara chini hujikuta wameshika mbavu. Amewahi kujilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Alipewa, tena alimchagua mwenyewe.

Kazi inayomlisha ni nyingine: anawapikia wali na maharage vibarua wa mashine za kukoboa mpunga. Utani ni urithi wa ukoo, ila katika ukoo wao hajazaliwa mwenye sikio kama lake. Watu hudhani mambo yale humjia palepale msibani. Hawajui kitu. Mtani wa kweli haokotezi siku ya msiba. Humkusanya mtu angali hai, anakula naye, anabishana naye, huku sikio linaweka akiba. Lakini akiba hiyo haiguswi mpaka siku yenyewe. Sikitu hajawahi kumuiga mtu aliye hai, na bonde zima linajua hivyo. Ukimsikia mtu kinywani mwa Sikitu, jua mtu huyo yuko kaburini au yuko njiani.

Aliyemkusanya kwa muda mrefu kuliko wote ni Mzee Evaristo wa Michenga, mtani wake mkubwa, mkulima wa mpunga mwenye miaka sabini na sita. Huyo hukohoa mara mbili, kavukavu, kabla ya kukataa jambo lolote, kisha huuliza, "Kwani mimi nimesema?" hata kama amesema, tena mbele ya mashahidi. Wawili hao hawajawahi kuamkiana kama watu wengine. Sikitu akifika kwake husema, "Bado hujafa tu?" Mzee hujibu, "Nakusubiri wewe utangulie, njia nyembamba." Ndiyo salamu yao.

Na chini ya matusi hayo kuna deni lisilolipika. Hilari, mume wa Sikitu, alipofariki, Sikitu alikaa siku tatu bila kula wala kusema. Siku ya maziko Mzee Evaristo alivaa mabuti ya Hilari, akasimama juu ya udongo, akaanza kuwasimanga wachimba kaburi kuwa wamemchimbia shimo la kupanda mgomba. Alikuwa Hilari mtupu. Sikitu alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akaomba uji. Mpaka leo husema mzee yule ndiye aliyemrudisha duniani.

Sasa ilikuwaje Sikitu huyohuyo akamfanyia mzee alichomfanyia? Ilianza na binti aitwaye Aikande, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni kutoka Dar es Salaam. Alikuja bondeni kupiga picha za mavuno, akaangukia msiba, akamwona Sikitu kazini. Wiki mbili baadaye akapiga simu. Walikuwa wanaandaa kipindi maalumu cha Krismasi cha vikaragosi watupu: wanyama wa bondeni wanamsihi Babu mmoja mbishi amwachie jogoo wake aliyekusudiwa pilau. Je, Mama Sikitu angekubali kuwa sauti ya Babu?

Alikubali kabla binti hajamaliza kuuliza. Akapanda basi, akaingizwa katika chumba kidogo kilichozibwa magodoro kila upande, akavalishwa visikilizio masikioni. Babu mwenyewe alikuwa wa sponji na kitambaa cha kaki, na macho ya vifungo vya koti. Aikande akamwambia, "Mama, nataka mzee mbishi, lakini ukimsikia unampenda." Sikitu akafumba macho, akafungua kinywa. Kilichotoka kilitoka. Mafundi mitambo walicheka mpaka wakarekodi upya mara nne, na yeye akarudi Ifakara amevimba kichwa, bila kujua ameiba nini kwenye akiba yake mwenyewe.

Krismasi ikafika. Venance, mwanawe wa kwanza, akaitoa televisheni barazani, na kufikia saa kumi alasiri uwanja wa Sikitu ulikuwa umejaa kuliko kanisa lilivyojaa asubuhi. Watoto mbele juu ya mkeka, kina mama nyuma na sahani za pilau, wanaume wamesimama kando wakijifanya wanapita tu. Muziki ukalia, vikaragosi wakaingia, na maoni yakaanza hapohapo, maana watu wetu hawajui kutazama kimya.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Seni, jirani aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani miaka mingi iliyopita. "Mayu, mama Sikitu, hii ng'ombe gani? Haina hata nundu! Hao watu wa Dar wamewahi kuona ng'ombe?"

"Nyamaza, bwana, inaongea."

"Inaongea bila nundu?"

Kisha akatokea sheshe, yule swala wetu wa bondeni, na shangwe ikapanda. Nusu ya uwanja ikapiga kelele kwamba sheshe wetu ameingia kwenye televisheni. Nusu nyingine ikaapa kuwa yule ni mbuzi aliyevutwa shingo. Kiboko akaimba, mtoto mmoja akajificha chini ya kanga ya mama yake na kukataa kutoka mpaka kiboko aondoke. Kuku akasali kwa wimbo. Emerensiana, kiongozi wa kwaya anayeishi nyumba ya pili, akasema kuku ameanza wimbo juu mno na atakwama kwenye kiitikio. Kweli alikwama. Sikitu alikuwa ameketi katikati yao, ana furaha hata pilau yake imepoa.

Ndipo mlango wa nyumba ya sponji ulipofunguka, Babu akatoka na jogoo kwapani. Akakohoa mara mbili, kavukavu. "Kwani mimi nimesema?"

Watoto wakaruka. "Babu Evaristo! Babu Evaristo!" Wakashangilia wakigaagaa mkekani. Lakini kwa wakubwa, kicheko kilikatika. Vijiko vikasimama njiani. Seni akavua kofia. Emerensiana akageuka polepole akamtazama mwenye nyumba.

"Sikitu. Mzee amefariki lini?"

"Hajafariki!"

"Sasa mbona umeshamtoa?"

Sikitu alitazama kioo na kwa mara ya kwanza akasikia kile ambacho kila mtu alikuwa amekisikia. Kipindi kiliendelea, Babu alisalimu amri, jogoo akapona, wanyama wote wakala wali wa nazi pamoja, na ukweli usemwe, kilikuwa kipindi kizuri. Simu zilianza kabla majina ya mafundi hayajamaliza kupita. Moja ya kumpongeza, tatu za kumpa pole. Malinyi waliuliza maziko saa ngapi. Kiberege walikuwa wameshakodi gari. Kila aliyeambiwa na Sikitu kuwa mzee yu hai alimjibu, "Sawa, mtani, tunaelewa," kwa sauti ya mtu anayedhani anataniwa.

Simu ya Mzee Evaristo yenyewe haikupatikana. Huiwasha anapotaka kupiga tu, kisha anaizima, eti betri ipumzike.

Hofu ya Sikitu haikuwa kwamba mzee atakufa, ingawa kuna waliomnong'oneza kwamba ameita mkosi. Hofu yake ilikuwa moja: kwamba amemuumiza. Sheria ya utani inasema mtani hakasiriki. Mtani ukimtukana anakutukana, ukimmwagia maji anakumwagia. Akinyamaza, jua umevuka mpaka, na hakuna njia ya kurudi. Angempoteza mtu aliyemrudisha duniani, na angempoteza akiwa hai.

Asubuhi yake alikamata jogoo wake mkubwa, akapanda pikipiki nyuma ya Venance, wakashika njia ya Michenga. Walipofika, turubai lilikuwa limeshafungwa. Sufuria tatu zilikuwa mekoni, kuni zimerundikwa, kina mama wa Kiberege wamejifunga kanga viunoni. Na pembeni, kwenye kiti chake, ndani ya koti lake la Krismasi, alikaa marehemu, akipokea wageni.

Bibi Justa, mkewe, alimvuta Sikitu kando akamweleza. Wa kwanza kufika alikuwa Fridolin, mpwa wa mzee kutoka Malinyi. Aliingia akilia, akajitupa mlangoni akiita, "Mjomba! Mjomba umeniacha na nani?" Mzee akatoka chooni na kopo lake mkononi, akamuuliza anamlilia nani. Fridolin alipepewa nusu saa. Baadaye wengine wakafuata, na kila aliyetaka kugeuza na mchele wake mzee alimkatalia. Aliyekuja kunizika, alisema, haondoki na chakula changu.

"Kwa hiyo hajakasirika?" aliuliza Sikitu.

Bibi Justa akapunguza sauti. "Kwa watu wengine, hapana. Lakini jana tulitazama kwa jirani, ikafika pale kikaragosi anapokohoa. Akainuka, akarudi nyumbani peke yake. Toka hapo jina lako hajalitaja."

Sikitu alivuka uwanja na jogoo wake. Mazungumzo yakapungua, kisha yakakoma, maana wote walikuwa wanamjua mwenye kosa. Alifika mbele ya kile kiti, akatafuta matusi yake ya siku zote, hakuyapata. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Evaristo akakohoa mara mbili.

"Mmesikia?" aliwaambia watu. "Mtani wangu ananipa shikamoo. Basi ninyi hamkukosea. Kweli nimekufa."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

"Nisamehe," alisema Sikitu. "Lilinitoka. Sikukusudia kabisa."

"Mtani haombi msamaha. Mtani anatozwa faini. Jogoo huyo mpe Justa, hiyo ni faini ya usumbufu." Akainuka kwa kujikongoja, akavua koti lake, akamnyooshea. "Faini yenyewe ni hii. Vaa. Umeanza mbele ya watu wa Dar, malizia mbele ya watu wangu."

Sikitu alilivaa. Nguo zote alizowahi kuvaa katika kazi hii zilikuwa baridi. Hili lilikuwa bado na joto la mwenyewe. Alisimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Kina mama wakaanza kuangalia chini kwa kumwonea haya.

Kisha bega lake la kushoto likashuka kidogo, kama linavyoshuka la mzee. Mguu ukaburuta. Akakohoa mara mbili.

"Wewe Fridolin! Umenililia vizuri, sikatai. Lakini nilipokuomba jembe ulisema limevunjika. Mbona leo umekuja nalo zima la kunichimbia?" Uwanja ukapasuka. Akawageukia wapishi. "Na ninyi wa Kiberege, wali wa msiba wangu ndio huu wenye mawe? Mnataka nife mara ya pili? Kwani mimi nimesema?" Alilikagua turubai akalikuta dogo, akaulizia waliochelewa, akagomea mahali pa kaburi kwa kuwa panatuama maji na yeye hajui kuogelea. Watu waliegemeana. Bibi Justa alikaa chini kabisa, kanga mdomoni.

Sikitu hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akiutazama uso mmoja tu, na uso huo ulikuwa umekaza. Kisha mashavu yakatetemeka. Mabega yakaanza kuruka. Mzee Evaristo akatoa kicheko kirefu, chembamba, kama cha mtoto anayetekenywa, akapiga paja, akateleza kwenye kiti, ikabidi Fridolin amdake. Alicheka mpaka machozi yakafika kidevuni.

Alipopata pumzi alimwita kwa kidole. Sikitu akainama.

"Unajua nini kiliniudhi jana?" alisema mzee taratibu, kwa sauti isiyo ya utani. "Si kuniiga. Uliniweza. Ila niliona watu wote kwa jirani wanacheka, nikasema moyoni, basi siku yangu itakuwa hivi. Nimefanya misiba mingi, Sikitu. Nilimfanya Hilari wako, mkacheka wote. Yeye peke yake hakusikia. Toka siku ile nimekuwa nikiwaza: kitu kizuri kuliko vyote nitakachofanyiwa duniani, kila mtu atakuwepo isipokuwa mimi."

Sikitu alimshika mkono.

"Leo nilikuwepo," alisema Mzee Evaristo. Akajipangusa uso kwa kiganja, akarudi kukaa sawasawa kwenye kiti chake, akakunja mikono kama mtazamaji aliyewahi nafasi ya mbele. "Haya, usisimame. Endelea. Hujafika pale ninapogombana na Justa."