Umeona au Umeambiwa?

Sisi tuliokulia upande wa Sangailu, kabla simu haijaingia mfukoni mwa kila mtoto, tulikuwa na mtihani mmoja ambao haukuwa na cheti. Siku hizi vyeti ndivyo vimejaa. Nyumbani kwa kaka yangu Yusuf, hapa Garissa mjini, kuna cheti cha kidato cha nne kimetiwa kwenye fremu ya kioo na kupigiliwa ukutani juu ya televisheni. Ni cha mwanawe Liban. Kiswahili A, wallahi, A kavu! Na huyo mwenye A, ukimuuliza jambo alilosema amelitoa wapi, anakukodolea macho kama mbuzi aliyemulikwa na taa za gari.

Nakumbuka shule yetu, madarasa mawili ya mabati. Tulikalia mitungi ya plastiki tuliyobebea maji kutoka nyumbani. Asubuhi ulikunywa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, ukafuta mafuta ya mkate wa anjera kwenye sketi, ukakimbia. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Lamu, alitufundisha ufupisho huku akizungusha fimbo. Soma, elewa, sema kwa maneno machache, na usitie chumvi. Jioni tulicheza mchezo wa shax kwenye mistari ya mchangani, kokoto zangu dhidi ya mavi ya mbuzi ya dada zangu, na aliyeiba hatua alimwagiwa mchanga kichwani. Hakuna aliyetubembeleza wala kutupeleka kwa mshauri nasaha.

Ila mtihani wenyewe ulikuwa wa Aabo, ndivyo tunavyomwita baba kwetu. Hakuwahi kushika kalamu maishani, lakini alisahihisha kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumwona. Kabla ya kuhamisha mifugo, alimtuma mmoja wetu akaangalie silanga, lile bwawa la maji ya mvua. Ukirudi unasimama mbele yake, naye anaanza na swali lile lile: "Umeona au umeambiwa?" Ukisema umeona, basi jasho likutoke. Maji yana rangi gani? Ukiingia yanakufika wapi mguuni? Ukingoni kuna nyayo za wanyama gani, za leo au za jana? Ukisema umeambiwa, hakukasirika, alitaka tu kujua na nani, na huyo nani aliona lini. Hata kusema "sijui" hakukuwa na aibu. Aibu ilikuwa kubuni.

Mimi nilibuni mara moja. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa mvivu, msinicheke. Njiani nilikutana na msafiri mwenye punda akaniambia silanga limejaa pomoni. Nikaona ya nini kujichosha? Nikajilaza kivulini, kisha nikarudi nyumbani na kifua mbele. "Limejaa, Aabo. Nimeona."

"Maji yalikufika wapi?"

"Magotini."

Akainamisha macho akatazama miguu yangu. Vumbi jeupe, kuanzia vidole mpaka magoti. Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Hakunipiga. Alichukua fimbo yake, akaniambia nitangulie, tukatembea mpaka silanga. Tulikuta tope lililokauka na kupasuka. Yule msafiri alikuwa amepita pale wiki nyingi nyuma. Aabo akanigeukia, akasema taratibu, "Mbuzi wangu hawanywi maneno." Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile masikio yananiwaka.

Sasa niwasimulie ya huyu msomi wa fremu. Kiangazi kilichopita Yusuf alikuwa porini na mbuzi wake, malisho yameisha, na anayemtegemea ni mwanawe aliyesoma. Akampigia simu aende akaone kama upande wa pili kumenyesha. Aende! Kijana wetu alikuwa mjini, dukani kwa rafiki yake, simu ikiwa kwenye chaji. Ikaingia video kwenye grupu: nyasi kijani, mbuzi wamezama mpaka tumboni. Akamfowadia baba yake na kuandika, "Aabo, kumenyesha, njoo." Hakunyanyua hata kalio kwenye kiti.

Yusuf akaamini. Kwa nini asiamini, na cheti kiko ukutani? Alitembeza mifugo siku nne. Alikuta vumbi na mizoga ya mifugo ya watu wengine waliotangulia. Mbuzi sitini walitoka naye. Waliorudi ni kumi na mmoja, na ngamia wake wa maziwa, aliyewalea watoto wote wa Yusuf akiwemo Liban mwenyewe, alibaki kule.

Nilimwita Liban kwangu.

"Ile video ilipigwa wapi?"

"Eeddo, ilikuwa tu kwa grupu." Eeddo ni mimi, shangazi yake.

"Nani aliipiga?"

"Sijui, ilifowadiwa. Lakini watu mob walikuwa wameituma."

"Lini?"

Akatazama viatu vyake. Viatu vyeupe, subhanallah, visivyo na doa. Nilimsema maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilisema kizazi hiki kinajua kugusa kioo tu. Nilisema shule za siku hizi ni viwanda vya kuchapa vyeti.

Yusuf alikuwa amekaa mlangoni, amerudi siku hiyo hiyo, vumbi limempanda mpaka magotini. Sasa akasema bila hasira yoyote, na afadhali angenitukana: "Dada, si alikuwa darasani kwako?"

Alikuwa kwangu. Kidato cha kwanza mpaka cha nne, Kiswahili chote. Ile A ni yangu mimi. Nakumbuka daftari lake la ufupisho, taarifa ya ukame, alama kumi na tano kwa kumi na tano, na "Vizuri sana!" kwa wino wangu mwekundu. Taarifa ile iliandikwa na nani, na aliuona wapi huo ukame? Hata mimi sikujua. Ilikuwa kitabuni, basi.

Aabo, asiyejua kusoma, alinifundisha kwa swali moja na matembezi ya mchana mmoja. Mimi, mwenye diploma ya ualimu, nilikaa na mtoto wa kaka yangu miaka minne, na sikumuuliza swali hilo hata siku moja.