Uvimbe wa Shingoni mwa Paka

Utotoni mwangu, kijijini karibu na Kebirigo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, sikuogopa fisi wala giza. Niliogopa macho. Nyanya yangu, tuliyemwita Magokoro, alitufundisha kwamba wako watu ambao wakikutazama na kukusifia, vitu huingia mwilini mwako: nyuzi, punje za mchanga, hata nywele. Dawa yake ni kupakwa samli na kusuguliwa mpaka vitoke.

Basi mbwa mwenye kichaa akaonekana sokoni. Mwalimu akatuambia tupeleke mbwa na paka kwenye josho la ng'ombe wakachanjwe. Magokoro alikataa katakata.

"Paka wangu haendi kutazamwa na watu."

Mimi, sikio la kufa, nilingoja aende kuchuma chai, nikambeba paka kikapuni.

Daktari wa mifugo alimdunga sindano nyuma ya shingo. "Paka mzuri kweli huyu," akasema. "Leo na kesho atalegea, na hapa patavimba kidogo. Patapona penyewe. Waambie nyumbani."

Sikumwambia mtu.

Kesho yake paka alijikunyata jikoni, mwili moto, maziwa hataki. Magokoro alimpapasa, vidole vikagusa uvimbe. Akapaka samli, akasugua na kusugua. Hakikutoka kitu.

"Kuna mtu amemtazama," alisema. Kisha akamgeukia mdogo wangu mchanga, aliyezoea kulala karibu na paka yule. "Haya yatahamia kwa mtoto." Akamwita baba mdogo alete gunia.

Mimi, chiriku wa nyumba nzima, ulimi uliganda. Nikisema, nitachapwa. Tena, yule daktari si alimsifia? Huenda kweli alikuwa na macho, na mimi ndiye niliyempelekea paka. Nilisimama mlangoni hivyo hivyo mpaka baba mdogo akateremka mtoni, gunia likitikisika begani.

"Usilie," Magokoro aliniambia, akinifuta machozi kwa leso yake. "Tumemwokoa mtoto."

Nikaitikia kwa kichwa.

Ukubwani nimewapeleka paka wangu watatu kuchanjwa. Wote walilegea, wakavimba, na baada ya siku mbili wakaamka wakilia njaa. Simlaumu Magokoro. Yeye alimhofia mtoto. Mimi nilihofia fimbo tu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akazeeka nikimtunza mimi, na kila siku nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Sikumwambia.